Maradhi ya Kompyuta na Kisiwa cha Changuu



Juma lililopita nilikuwa ofisini nikipanga karatasi za ndoa, mara nikasikia hodi. Akaingia mama mmoja wa Ng'ambo, ambaye namheshimu kama mama yangu mzazi. Alikuwa na kile kidude kidogo cha kuhifadhia maandishi ambacho sote twakiita flashi, amekifunga katika pembe ya kanga kama mtu afungavyo nauli ya daladala.

"Karani, mwanangu," akasema, "humu mna kadi za arusi ya binti yangu. Kijana wa duka la fotokopi ameniambia ati ina virusi, hataki tena kuichomeka katika mashine yake. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma: kompyuta nayo yaugua? Ina damu hiyo?"

Nilicheka, naye akacheka. Nilimjibu kwa maneno machache, maana watu walikuwa wakingoja nje. Lakini alipokwisha kwenda nilifikiri kwamba swali lake ni swali la watu wengi, tena si la kuchekwa. Basi leo namjibu kwa urefu, na ninyi wasomaji sikilizeni pamoja naye. Mwishoni nitawaeleza pia kosa langu mwenyewe, ambalo lilinipasa kulieleza zamani.

Kompyuta haina damu, wala haipati homa. Kompyuta ni mtumishi atiiye maagizo yaliyoandikwa. Fikirini karani mmoja mwaminifu sana, ambaye ameambiwa hivi: "Kila asubuhi, kabla ya kazi yo yote, fungua ukurasa wa kwanza wa daftari, na lo lote utakaloliona limeandikwa hapo, lifanye." Karani huyu hana tabia ya kuuliza ni nani aliyeandika. Siku moja mtu mwenye hila anachukua kalamu na kuandika katika ukurasa ule: "Kila daftari litakaloletwa kwako leo, nakili maneno haya katika ukurasa wake wa kwanza." Karani anatii. Watu wanaleta madaftari yao na kuondoka nayo, nao hawajui kwamba wamebeba agizo lile. Wakifika kwao, karani wa huko naye anafungua ukurasa wa kwanza, anasoma, anatii. Basi hivyo ndivyo virusi vya kompyuta vilivyo. Ni maandishi tu, lakini ni maandishi yanayojinakili kwa mkono wa mtumishi asiyeuliza.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1982 huko Marekani alikuwako mwanafunzi wa miaka 15, jina lake Rich Skrenta, karibu na mji wa Pittsburgh. Alikuwa na kompyuta ya nyumbani ya namna ya Apple II. Kompyuta za siku zile zilipokea kazi yake kutoka katika disketi, ile sahani nyembamba iliyofungwa katika bahasha ngumu; wengi wenu mliozaliwa karibuni hamjapata kuiona. Kijana huyu alikuwa na desturi ya kuwatania rafiki zake kwa kuharibu michezo aliyowaazima, hata wakaacha kumpa disketi zao. Basi akatunga programu aliyoiita Elk Cloner. Ilijificha katika disketi, ikaingia katika kumbukumbu ya mashine, na kila disketi nyingine iliyotiwa ikaambukizwa. Disketi ilipotumiwa mara ya 50, kioo kilionyesha shairi dogo la kujisifu. Haikukusudiwa kuharibu kitu, ila kuchekesha. Lakini ilitoka mikononi mwa mwenye kuitunga, ikaenda kwa watu asiowajua. Mzaha ulipokwisha kwenda mbali hivyo, hakuweza tena kuurudisha.

Miaka minne baadaye, mwaka 1986, jambo la namna hiyo lilitoka upande huu wetu wa Bahari ya Hindi, katika mji wa Lahore, Pakistani. Ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walikuwa na duka la kompyuta. Walisema kwamba watu walikuwa wakinakili bure programu yao ya mambo ya uganga, nao wakataka kuwatambua wezi hao. Basi walitunga virusi vilivyoitwa Brain kwa ajili ya kompyuta za namna ya IBM. Ndani yake waliandika majina yao, anwani ya duka lao na namba zao za simu, ili aliyeambukizwa awatafute apewe dawa. Haukupita muda simu zikaanza kulia kutoka nchi za mbali, Marekani na Uingereza, kutoka kwa watu ambao hawakupata hata kusikia habari za duka lile. Mwaka 1987 Brain ilikwisha kuonekana katika vyuo vikuu vya Marekani. Wenyewe walishangaa. Walitega mtego mlangoni pao, nao ukanasa watu wa ng'ambo ya bahari.

Je, na sisi huku? Miaka ile kompyuta ya nyumbani haikujulikana katika nyumba zetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, jambo ambalo wazee wetu bado wanalitaja kwa fahari, lakini kompyuta ni habari nyingine. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilikuwa imezuia kuingizwa nchini kompyuta na vyombo vya jamaa yake, kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa haba; na kizuizi hicho kilikuja kulegezwa polepole baadaye. Kwa hiyo wakati watoto wa Marekani walipokuwa wakiambukizana disketi, watoto wa Unguja walikuwa wakicheza bao na kuogelea Forodhani. Maradhi yale ya kwanza yalitupita kwa kuwa hatukuwa na mwili wa kuugua.

Lakini Afrika ya Mashariki haikukosa kuguswa. Kiko kisa kimoja cha mwaka 1989 ambacho nataka mkikumbuke, maana kina mafunzo makubwa kuliko hivyo viwili.

Nadhani mnakumbuka, au mmehadithiwa, hofu ya miaka ile. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu walikuwa wakifa, na dawa ya kuwapa haikuwako. Neno lenyewe "virusi" wengi wetu tulilijua kwa sababu ya ugonjwa ule. Kabla yake lilikuwa neno la madaktari. Kila mtu alitaka kujua: Je, mimi nimo hatarini?

Mwezi Desemba 1989, watu wa nchi nyingi walipokea bahasha kutoka London. Wengine walikuwa wasomaji wa gazeti la mambo ya kompyuta, na wengine walikuwa wamehudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani juu ya Ukimwi. Yasemwa bahasha zilikuwa kama 20,000. Ndani yake mlikuwa na disketi yenye maelezo kwamba itamwuliza mtu maswali juu ya maisha yake, kisha itampimia hatari ya kupata ugonjwa. Na kweli iliuliza, na kweli ilijibu. Nani asingependa kuitazama?

Lakini disketi ile ilipokwisha kutiwa, iliacha kitu ndani ya mashine kikihesabu kimya kimya. Mashine ilipowashwa mara ya 90 hivi, mafaili yalifichwa na majina yake yakavurugwa hata yasisomeke. Kisha mashine ikamwamuru mwenyewe awashe printa, nayo ikachapa hati ya madai: peleka dola 189 kwa matumizi ya mara 365, au dola 378 kwa matumizi ya muda wote, kwa sanduku la posta lililoko Panama. Hilo ndilo jambo la kwanza kujulikana duniani la kuteka kazi ya mtu ndani ya kompyuta yake mwenyewe na kudai fedha za kuikomboa.

Kwa kweli hii haikuwa virusi kwa maana halisi, kwa kuwa haikujinakili kutoka disketi moja kwenda nyingine. Ilikuwa zawadi yenye adui ndani, na watu waliipokea na kuiingiza nyumbani kwa mikono yao wenyewe.

Aliyeshtakiwa kwa jambo hili ni Dakta Joseph Popp, Mmarekani aliyesoma Chuo Kikuu cha Harvard, mtaalamu wa elimu ya viumbe ambaye alipata kufanya utafiti wa nyani huko Kenya. Alikuwa akitoka Nairobi kwenye mkutano wa mambo ya Ukimwi, na alipofika katika uwanja wa ndege wa Amsterdam akaanza kufanya mambo ya kushangaza. Aliandika juu ya mzigo wa abiria mwenziwe kwamba Dakta Popp ametiwa sumu. Askari wakapekua mizigo yake, wakaona muhuri wenye jina la kampuni ile iliyodai fedha. Mwaka 1990 alikamatwa kwao Ohio, kisha akapelekwa Uingereza. Mwezi Novemba 1991 hakimu aliamua kwamba akili yake haifai kusimama mahakamani, naye akarudishwa kwao. Alidai kwamba alikusudia kuzitoa fedha zile kwa utafiti wa Ukimwi. Sasa ni marehemu, tumwachie Mungu.

Lakini nataka mtazame wale waliopokea disketi. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Jim Bates, aliifungua programu ile na kuichunguza. Akaona kwamba maandishi ya watu hayakuharibiwa. Yaliyovurugwa ni majina tu. Akatunga programu mbili, moja ya kuondoa uovu ule na nyingine ya kurudisha majina, akazigawa bure. Waliosubiri walipata kazi zao. Bali wako walioshikwa na hofu, wakafuta kila kitu katika mashine zao siku ile ile ili wasafishe. Yasemwa chama kimoja cha Italia kilichoshughulika na ugonjwa huo kilipoteza kazi ya miaka 10. Kwa watu hao kilichoharibu kazi ni hofu ya mwenye nyumba, wala si hila ya mwizi.

Sasa, wasomaji wapenzi, twende kidogo baharini.

Ukisimama Forodhani jioni na kutazama kaskazini-magharibi, utakiona Kisiwa cha Changuu, mwendo wa kilomita tano na kitu kutoka Mji Mkongwe. Wageni wanakwenda huko kutazama kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, waliletwa mwaka 1919. Wanakiita Kisiwa cha Gereza, lakini wafungwa hawakupata kuwekwa humo. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Serikali ya Sultani, alikitwaa kisiwa hicho akajenga gereza. Lakini kazi iliyofanywa humo ni nyingine kabisa. Palifanywa karantini. Abiria wa vyombo waliotiliwa shaka ya maradhi walishushwa hapo kwanza, wakae siku zao, waangaliwe, ndipo waruhusiwe kuingia mjini.

Kwa nini? Kwa sababu mji huu ulikuwa umekwisha kuona. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja, kikaua maelfu ya watu. Daktari mmoja Mskochi, James Christie, alikuwa hapa siku zile. Aliwauliza wasafiri na wafanya biashara, akafuata njia ya maradhi hatua kwa hatua, akaona kwamba yalikuja na misafara kutoka bara, yakapita nchi ya Wamasai hata Pangani, na kutoka Pangani yakavuka bahari. Mwaka 1876 akaitoa habari hiyo katika kitabu. Maradhi hayana miguu. Husafiri kwa miguu ya watu, tena watu wema, wenye safari za halali.

Mji wa bandari hauwezi kuishi kwa kufunga bandari. Ukifunga, watu watakosa mchele na nguo. Kwa hiyo wenye busara hawakusema, "Mtu yeyote asije." Walisema, "Njoo, lakini pitia Changuu kwanza." Na ajabu ni hii: programu za siku hizi za kuzuia virusi, zikikamata faili lenye shaka, huliweka peke yake mahali lisipoweza kugusa mengine, na mahali hapo huitwa karantini. Neno ni lile lile, na kazi ni ile ile.

Mji wetu wa leo una bandari nyingine ambazo hazionekani. Kila duka la fotokopi la Darajani au Mlandege ni bandari. Flashi ya mwanafunzi inaingia na kazi ya skuli, ya mwalimu inaingia na mtihani, ya bwana arusi na kadi, ya kikundi na hesabu. Zote zinachomekwa katika mashine moja, kisha kila moja inarudi kwao. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulikuwa na chumba cha kompyuta kilichotunzwa sana. Tulivua viatu mlangoni ili tusiingize vumbi. Lakini kila mmoja aliingia na flashi yake mfukoni, wala hapana aliyeulizwa imetoka wapi.

Tena kwa miaka mingi mashine zenyewe zilitengenezwa ili zitii upesi mno: flashi ikichomekwa tu, agizo lililokuwamo liliweza kuanza kazi pasipo mtu kubonyeza kitu. Virusi vilivyoitwa Conficker, ambavyo vilionekana Novemba 2008 vikaenea dunia nzima, vilitumia njia hiyo pamoja na nyingine. Mwaka 2011 Microsoft walitoa marekebisho ya kuuziba mlango huo katika kompyuta za Windows zilizokuwa zikitumika, lakini mashine kuukuu ambazo hazikurekebishwa zilibaki nyingi. Kisha wenye hila wakaja na njia nyingine. Virusi huyaficha mafaili yako, na mahali pa kila moja huweka alama yenye jina lile lile na mshale mdogo pembeni. Wewe waona jina la kazi yako, wabonyeza, kumbe umewafungulia tena.

Hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Miaka michache iliyopita nilianza kuandika katika kompyuta orodha ya majina yote yaliyomo katika madaftari yetu ya ubatizo, kwa mpangilio wa herufi, pamoja na namba ya ukurasa, ili mtu akija kutafuta cheti asikae nusu siku. Niliifanya kazi hii jioni baada ya saa za ofisi, muda wa miaka miwili. Kompyuta ya ofisi ilikuwa kuukuu, sikuiamini. Basi orodha niliiweka katika flashi peke yake, nikaivaa shingoni kama ufunguo. Nilijiona mtu mwangalifu.

Siku moja umeme ulikatika, nikaenda katika duka lenye jenereta nikachape kurasa chache. Niliporudi na kuichomeka katika kompyuta ya ofisi, nikaona majina ya mafaili yangu yana mishale. Nikabonyeza, halikufunguka lo lote. Jasho likanitoka. Nilikuwa nimesikia kwamba dawa ya virusi ni kuifuta flashi nzima na kuanza upya. Basi nikaifuta, hapo hapo, kabla ya kumwuliza mtu. Ikawa safi kabisa. Miaka miwili ikaenda. Baadaye fundi mmoja akaniambia, kwa upole, kwamba orodha yangu ilikuwamo muda wote. Ilikuwa imefichwa tu.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, la haraka. La pili lilikuwa baya zaidi: nilinyamaza. Niliona haya. Padre aliponiuliza kazi imefika wapi, nilisema yaendelea. Na katika majuma yale matatu ya kunyamaza kwangu, katibu wa kwaya alikuja na flashi yake kuchukua nyimbo katika kompyuta ile ile, na mwalimu wa skuli yetu ya watoto akaja na yake kuchapa orodha ya ada. Niliwaona wakichomeka. Sikusema neno.

Kisha akaja mzee mmoja kutoka shamba. Binti yake alikuwa akiolewa Mombasa, cheti cha ubatizo kilitakiwa kabla ya Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumatano. "Padre ameniambia una orodha, karani," akasema, "ni jambo la dakika moja." Yule mzee hakukumbuka mwaka wala mwezi, alikumbuka tu kwamba ulikuwa wakati wa masika.

Basi nikaenda kwa Padre nikamwambia yote. Hakunikaripia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daftari liko kabatini. Washa taa." Nikakaa usiku wa Jumatano nikifungua ukurasa baada ya ukurasa, na jioni ya Alhamisi vile vile. Saa mbili na nusu za usiku nikaliona jina, limeandikwa na karani aliyenitangulia, kwa wino ambao haujafifia, katika mwandiko wa kusomeka kabisa. Karani yule hakupata kugusa kompyuta maisha yake yote. Ijumaa asubuhi mzee akachukua cheti chake, akanibariki, nami nikaona haya zaidi.

Kisha nikaenda kwa wale wawili. Katibu wa kwaya alikuwa hajapata hasara. Mwalimu alikuwa amekwisha kuipata: orodha yake ya ada haikufunguka tena, na wazazi walikuwa wameombwa walete stakabadhi. Wote walileta isipokuwa mama mmoja, mchuuzi wa samaki, ambaye aliipoteza yake, naye alikuwa ameambiwa alipe tena. Fedha ile nililipa mimi. Lakini najiuliza: kama ningesema neno moja siku ya kwanza, mama yule angefedheheka mbele ya wenziwe? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, na aliyeumbuliwa kwanza ni mtu mwingine.

Sasa mwataka kujua la kufanya. Nitasema machache, maana mengi husahauliwa.

Kwanza, kazi yako iwe mahali zaidi ya pamoja. Moja katika kompyuta, nyingine katika flashi ambayo haizunguki madukani, na lile lililo la maana sana lichapwe au liandikwe kwa mkono. Nani amesahau mwaka 2008, umeme ulipopotea kisiwani karibu mwezi mzima, tangu Mei hata Juni? Tena kuanzia Desemba 2009 tulikaa gizani kama miezi mitatu. Siku zile mwenye daftari ndiye aliyeendelea na kazi.

Pili, kila flashi itokayo nje ipitie Changuu. Iamuru programu ya kuzuia virusi iichunguze kabla hujafungua faili lo lote. Na programu hiyo iwe inapewa habari mpya, kwa kuwa mlinzi asiyejua sura za wezi wapya ni kama hayupo. Ukienda dukani kuchapa, nenda na flashi yenye karatasi ile moja tu unayoihitaji.

Tatu, ukiona ajabu, usifute, wala usilipe. Chomoa, tulia, tafuta fundi. Wajukuu wa disketi ile ya 1989 wangali hai: mwezi Mei 2017 programu iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Wengine waliolipa hawakurudishiwa kitu.

Nne, angalieni chambo. Mwaka 1989 chambo kilikuwa hofu ya Ukimwi. Leo chambo huja katika simu: umeshinda zawadi, akaunti yako itafungwa, mtoto wako amelazwa hospitali, bonyeza hapa, tuma fedha kwa namba hii. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, nayo inawaadhibu watendao haya. Lakini sheria huja baada ya hasara. Ujumbe ukikutia hofu au tamaa na papo hapo ukakuharakisha, huo ndio wakati wa kuweka simu chini na kumwuliza mtu wa nyumbani.

Tano, nalo ndilo kubwa: ukiambukizwa, sema. Mwambie mwenye duka, mwambie mwalimu, mwambie jirani uliyemwazima. Si aibu kuambukizwa. Nahodha mwema naye alipata kubeba mgonjwa bila kujua. Aibu ni kumficha mgonjwa chini ya majamvi na kuingia bandarini usiku.

Na yule mama wa Ng'ambo? Nilimpelekea fundi flashi yake, tena nikamtaka asiifute. Jana nilimwita nikampa habari. Kadi za arusi zimo zote, na picha za binti tangu alipokuwa skuli ya msingi zimo pia. Zilikuwa zimefichwa tu. Alipiga kigelegele pale pale mlangoni mwa ofisi, watu wakageuka kutazama. Kisha akaniuliza kama aweke flashi ile tena katika pembe ya kanga.

Nikamwambia, "Weka, mama, lakini isiwe peke yake. Mali bila daftari hupotea bila habari."

Kwa mwenye kutaka kujua, orodha ya ubatizo nimeianza upya. Nimefika herufi ya K. Safari hii iko mahali patatu, na madaftari yenyewe yako kabatini, yamefungwa kwa ufunguo, kama alivyoyaacha aliyenitangulia.

Kwaherini, hadi juma lijalo.